Kidole, mkwaju na neno la Kiiraqw

Andika neno /ameeni, yaani mwanamke, kwenye kishikwambi, kisha ligonge mara mbili kwa kidole ili ulichague. Kifaa kitachukua ameeni na kuuacha mkwaju nje. Bonyeza kufuta: neno litaondoka, mkwaju utabaki umesimama peke yake mwanzoni mwa mstari. Sasa andika na/ay, yaani mtoto, uligonge katikati. Utapata na, au utapata ay. Mtoto mzima hutampata mpaka uvute vile vishikio viwili vidogo vya rangi, kimoja kushoto kingine kulia, kwa subira ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Hili ni jambo dogo ukilifanya mara moja. Kwa anayesahihisha kurasa themanini za hadithi, misemo au nyimbo za kanisani kwa Kiiraqw, lugha ya Mbulu, ni sababu ya kutosha ya kuiweka kazi kando mpaka mwakani.

Vioo vya kugusa si ugeni tena katika wilaya za Mbulu na Hanang. Simu ya kupangusa iko mnadani, iko shambani, iko kwenye bodaboda. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilikwenda kwa walimu, na tangu hapo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwa na kurasa za vitabu mkononi hata pale ambapo kabati la vitabu ni tupu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Vifaa vya kusomea vitabu pekee, vile ambavyo wengi huviita Kindle hata kama vimetengenezwa na kampuni nyingine, ni vichache zaidi, na mara nyingi hufika kwa mkono wa ndugu aliyeko nje au mgeni aliyekuja kufanya kazi ya kujitolea akaondoka.

Hivyo vichache ndivyo ninavyotaka kuvizungumzia kwanza, kwa sababu vinapendeza kusomea na vinaudhi kusahihishia, na sababu za mambo hayo mawili ni zile zile.

Kioo cha Kindle au Kobo hakiwaki kama cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, kila kimoja na upana unaokaribia wa unywele, vilivyojaa chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukipita upande mmoja, nyeupe hupanda juu. Ukigeuzwa, nyeusi ndizo zinazopanda. Zikishapanda hubaki hapo bila kula umeme wowote. Ndiyo maana betri hudumu majuma kadhaa, na ndiyo maana jua la saa saba mchana pale Haydom, linalofanya kioo cha simu kisionekane kabisa, hukifanya hiki kisomeke vizuri zaidi. Kampuni ya E Ink iliyoanzisha teknolojia hii ilizaliwa mwaka 1997 kutokana na utafiti uliofanywa katika chuo cha MIT, Marekani. Kindle ya kwanza iliuzwa Novemba 2007, ikiwa na vitufe vya kubonyeza. Vioo vya kugusa vilienea baadaye, hasa mwaka 2011, Kobo na Kindle zilipotoa vyake.

Tatizo ni kwamba chembe huogelea, na kuogelea kunachukua muda. Kugeuza ukurasa hakumsumbui mtu: kioo kinapepesa mara moja, unaendelea kusoma. Lakini kuandika ni kubadilisha kioo kwa kila herufi. Unagonga h, unasubiri. Unagonga h ya pili, ya kwanza ndiyo kwanza inajitokeza. Ukidhani haikuingia unagonga tena, na sasa una tatu. Watengenezaji wamejaribu kuharakisha kwa kutumia nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, na matokeo yake ni vivuli vya herufi zilizofutwa kubaki nyuma ya zile mpya. Baridi nayo huongeza uzito. Majimaji yaliyomo ndani ya vifuko huwa mazito zaidi joto linaposhuka, na vifaa hivi vina kipimajoto cha ndani kinachoviamuru vibadilishe kioo taratibu zaidi kukiwa na baridi. Asubuhi ya Julai kule Kainam, juu ya uwanda wa Mbulu ambako watu huvaa makoti mpaka saa nne, mwandishi na kifaa chake wote wawili hufanya kazi polepole.

Kisha kuna kidole chenyewe. Herufi moja kwenye ukurasa ina upana wa milimita mbili hivi. Ncha ya kidole ikigusa kioo hufunika karibu milimita tisa au kumi, na zaidi kwa mtu mwenye mikono mikubwa. Kwa hiyo kidole huficha kile kile kinachotaka kukionyesha. Kompyuta zilishalimaliza suala hili katika miaka ya 1970, Larry Tesler na wenzake huko Xerox, California, walipobuni namna ya kukata, kunakili na kubandika maandishi ambayo mpaka leo ndiyo tunayoitumia. Walikuwa na kipanya, na kipanya kina ncha nyembamba. Kidole hakina. iPhone ilitoka mwaka 2007 bila uwezo wa kunakili na kubandika, ikaupata mwaka 2009, na mpaka leo kulenga katikati ya herufi mbili kwa kidole ni kazi inayomtoa jasho hata mtoto wa mjini.

Mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay au Dongobesh ana shida ya ziada ambayo sijaona ikitajwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kifaa chochote. Vioo vingi vya sasa huhisi jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Ngozi kavu yenye sugu la jembe huupitisha kwa shida. Unagonga, kioo kimya. Vifaa vya zamani vya kusomea, kama Kobo na Kindle za 2011, vilitumia miale isiyoonekana inayopita juu ya kioo kutoka upande hadi upande: chochote kinachoikata miale hiyo, kiwe kidole, kijiti au ncha ya kalamu iliyofunikwa, kinahesabika kuwa mguso. Teknolojia hiyo imeachwa na wengi kwa sababu haifanyi kifaa kuwa chembamba na laini cha kupendeza dukani. Kwa mikono ya Mbulu ilikuwa bora, nami ningemshauri anayeletewa Kindle ya mtumba yenye kioo cha miale asiidharau.

Lakini hayo yote, ucheleweshaji wa kioo na unene wa kidole, ni shida za kila mtu. Anayesahihisha Kiswahili huko Morogoro anazo, anayesahihisha Kifaransa huko Lyon anazo. Shida ya Mbulu hasa ni ile niliyoanza nayo.

Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Jamaa zake wa karibu ni Kigorowa cha Babati, Kialagwa na Kiburunge cha upande wa Kondoa. Jamaa wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Ina sauti ya kooni ile ile ambayo waliopita madrasa wanaijua kwa herufi ain ya Kiarabu. Katika tahajia iliyozoeleka, vitabuni na miongoni mwa wataalamu wa lugha, sauti hiyo huandikwa kwa mkwaju: /. Ndivyo utakavyoikuta katika sarufi ya Maarten Mous iliyochapishwa Hamburg mwaka 1993, na katika kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza aliyoitoa mwaka 2002 pamoja na Martha Qorro, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Roland Kießling. Sauti nyingine ya koo, ile ya kukata pumzi ghafla, huandikwa kwa ritifaa: ma'ay ni maji, do' ni nyumba. Kuna pia hh, sl, tl, q na x, ambazo kibodi inazo, ingawa mashine inayojisifu kwa kusahihisha maneno yenyewe hupenda kukata h moja.

Enzi ya taipureta mkwaju ulikuwa chaguo la busara. Kila taipureta ilikuwa nao, wino wake ulikuwa mweusi kama wa herufi nyingine, na karatasi haikuuliza kama ile ni herufi au ni alama ya uakifishaji. Kompyuta huuliza. Kila alama tunayoiandika ina namba yake katika orodha ya kimataifa iitwayo Unicode, na kila namba ina tabia zake: hii ni herufi, hii ni tarakimu, hii ni alama tu. Mkwaju wa kibodi umeandikishwa kuwa alama. Mashine ikikutana nao inahitimisha kwamba neno limekwisha.

Yanayofuata hapo ni mengi kuliko mtu anavyodhani. Kuchagua neno kwa kugonga, tumeshaona. Mstari ukifika mwisho, programu huruhusiwa kuukata baada ya mkwaju, hivyo na/ inabaki juu na ay inashuka chini, bila hata kistari cha kuonyesha kwamba neno linaendelea. Mwanzoni mwa sentensi kibodi ya simu hutoa herufi kubwa yenyewe, lakini ikiona umeanza na mkwaju inadhani kazi yake imekwisha, nawe unabaki kuibonyeza herufi kubwa kwa mkono. Ukipanga maneno kwa alfabeti, yote yanayoanza na mkwaju yanakwenda kurundikana juu kabisa, kabla ya a, pamoja na mabano na nyota. Ukitaka kuliita faili lako kwa jina la hadithi, na hadithi inaitwa kwa neno lenye mkwaju, huwezi: Windows inakataa, Android inakataa, kwa sababu kwao mkwaju ni mpaka kati ya kabati moja la mafaili na jingine. Calibre, programu ya bure ambayo wengi huitumia kupanga vitabu vya kidijitali, inauondoa mkwaju kwenye jina la faili na kuweka kistari cha chini.

Ritifaa ina visa vyake. Wasomaji wa Kiswahili tunaijua katika ng'ombe na ng'ambo, na hapo haitusumbui sana, kwa kuwa mashine imefundishwa kuivumilia ikiwa imezungukwa na herufi pande zote mbili. Ikiwa mwisho wa neno, kama katika do', uvumilivu unakwisha: inachukuliwa kuwa ni alama ya kufunga nukuu. Programu nyingi za kuandikia pia huikunja zenyewe, ikawa na umbo jingine na namba nyingine, na sasa do' moja iliyoandikwa kwenye simu na do' nyingine iliyoandikwa kwenye kompyuta ni maneno mawili tofauti machoni pa mashine. Ukitafuta moja, ya pili inaweza isionekane.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Kiiraqw kisiachane na mkwaju? Wasomali walikuwa na sauti hiyo hiyo. Serikali yao ilipotangaza maandishi rasmi ya Kilatini Oktoba 1972, ilichagua c iwe ain na x iwe ile h nzito ya kooni, makusudi ili kusiwe na herufi isiyokuwepo kwenye taipureta ya kawaida. Leo Msomali wa Mogadishu au Minneapolis anaandika caano, maziwa, kwenye simu yoyote, na neno linagongeka zima. Na c ya peke yake, isiyo ya ch, haina kazi katika Kiiraqw. Mlango uko wazi.

Hata hivyo nisingeupita. Somalia ilikuwa na dola iliyoamua siku moja, ikafuatisha uamuzi huo kwa kampeni ya kusomesha nchi nzima. Kiiraqw hakifundishwi shuleni. Watu wake wamejifunza kukisoma kanisani, nyumbani, wengine wakiwa watu wazima, kwa vitabu vyenye mkwaju. Kuwaambia wazee hao kwamba macho yao ndiyo yabadilike kwa sababu wahandisi wa mbali hawakulijua neno lao ni kuwatwisha mzigo usio wao. Tayari kwenye vyeti na vitambulisho majina yenye sauti hiyo kwa kawaida huandikwa bila mkwaju. Inatosha.

Kuna njia nyingine, nayo imeshapitwa na watu wa huku huku Afrika. Lugha za Namibia zenye sauti za vidoko, kama zile za Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, huandika kidoko kimoja kwa alama inayofanana kabisa na ya mshangao. Unicode iliwapa herufi yao: machoni ni alama ya mshangao, lakini namba yake ni nyingine na tabia yake ni ya herufi, hivyo neno halivunjiki. Kisabaot cha Mlima Elgon, Kenya, hutumia nukta mbili katika tahajia yake. Mwaka 2008 Unicode iliongeza nukta mbili za aina ya pekee, zinazohesabiwa kama sehemu ya neno, na katika maelezo yake ikakitaja Kisabaot pamoja na Kibudu cha Kongo. Ritifaa nayo inayo pacha wa aina hiyo tangu zamani, anayeweza kutumika katika do' na ma'ay bila kulivunja neno, ila kibodi za kawaida hazimweki mahali pa kuonekana.

Mkwaju unastahili pacha wake pia. Ombi la namna hiyo linaweza kupelekwa na mtu yeyote, likiwa na ushahidi wa vitabu vilivyochapishwa na watu wanaovisoma, na ushahidi wa Kiiraqw umejaa kwenye rafu. Hata hadithi ambazo Mjerumani Paul Berger alizikusanya kwa Wairaqw zilitolewa kitabu mjini Köln mwaka 1998. Tuna maandishi mengi kuliko lugha kadhaa zilizokwisha kupewa herufi zao.

Wakati tukisubiri, kazi haina budi kufanyika. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Kindle haikutengenezwa ili usahihishe kitabu. Unaweza kupigia mstari, unaweza kuandika maoni pembeni, lakini maneno yenyewe ya kitabu yamefungwa. Wengi hulalamikia hili. Mimi naona ndipo uzuri wake ulipo. Maandishi uliyoyakodolea macho kwenye simu kwa miezi huwa yamekuzoea. Makosa yanapita mbele yako hayaonekani. Yahamishie kwenye kifaa cha kusomea, yabadilike sura, herufi ziwe kubwa, mistari ikatike mahali pengine, na makosa yatajitokeza yenyewe, kama ilivyokuwa zamani kwa wahariri waliopokea prufu kutoka mtambo wa uchapaji. Unayapigia mstari kwa kidole tu. Hapo kidole kinene hakidhuru, kwa kuwa huhitaji kulenga herufi. Mstari mzima unatosha.

Ukimaliza, chomeka Kindle kwenye kompyuta kwa waya. Ndani yake utakuta faili liitwalo My Clippings, la maandishi matupu, lenye kila ulichokipigia mstari, kila maoni na mahali pake kitabuni. Lifungue upande mmoja, fungua kitabu chako upande wa pili, sahihisha kwa kibodi ya vitufe ambako mkwaju una kitufe chake. Kitabu cha aina ya EPUB si kitu cha ajabu: ni kifurushi kilichobanwa chenye kurasa kama za wavuti, na programu za bure za Calibre na Sigil zinakifungua ukakirekebisha neno kwa neno. Hakuna hatua inayohitaji intaneti ukishakuwa na programu zenyewe, na kwa vijiji ambako mtandao huja na kuondoka hilo si jambo dogo.

Wenye ujasiri zaidi huweka programu ya KOReader kwenye Kobo au Kindle, nayo ina sehemu ya kurekebisha mafaili ya maandishi pale pale. Nimeitaja kwa ukamilifu tu. Kwa mwandishi wa kawaida ule ucheleweshaji wa chembe unaua hamu. Vifaa vya Onyx Boox vina kioo cha namna ile ile lakini ndani yake kuna Android, kwa hiyo vinapokea kibodi za kuongeza. Hapo ndipo Keyman inapofaa, programu ya bure ya shirika la SIL inayomruhusu mtu kujipangia kibodi: mkwaju ukae safu ya kwanza karibu na a, hh iwe mguso mmoja, ritifaa iwe ile isiyovunja neno. Mwalimu mwenye kishikwambi cha kawaida anaweza kuiweka Keyman leo. Kindle haipokei kibodi ya mtu mwingine.

Miradi mikubwa ya kusomea kwa vioo Afrika Mashariki imelipita suala hili la msomaji kusahihisha maandishi bila kuligusa. Kilgoris, Kenya, shirika la Worldreader lilipeleka Kindle kwa watoto wa shule mwaka 2011, na watoto walipata vitabu ambavyo wasingeviona. Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vya kujifunzia Kiswahili na hesabu katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Kote huko mtoto alikuwa msomaji wa kilichokwisha kuamuliwa. African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ikajaribiwa pia Kenya na Uganda, ndiyo ilivuka mstari huo: mwalimu anaweza kuichukua hadithi, kuitafsiri, kuirekebisha, na kuichapisha upya kwa lugha ya kijijini kwake. Kwa mahali kama Mbulu na Hanang, ambako Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza na lugha za Kibantu zinasikika kwenye mnada mmoja, huo ndio mfano wa kufuata.

Kwa hiyo kwenu wahariri wa vitabu vya kanisa, walimu wastaafu wenye madaftari ya methali chini ya kitanda, na wanaisimu wa Dar es Salaam mnaotoka Mbulu: kaeni mezani mkubaliane kibodi moja ya Kiiraqw na namba moja ya ritifaa, mpeleke ombi la mkwaju Unicode mkiwa na kamusi ya 2002 mkononi. Kibodi ni kazi ya siku chache. Ombi litachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo lianze kwanza.

Na kwa aliye na muswada leo hii: soma kwenye Kindle, sahihisha kwenye kompyuta.